Rangi ya Kucha kwenye Mota ya Kinu

Louis Kalala, mume wangu, hakuiba shaba ya kinu cha akina mama wa parokia. Naanza na neno hilo ili msomaji mwenye haraka asiondoke bila kulichukua.

Nimelazimika kuandika kwa sababu ya harusi ya mjukuu wangu. Nilikuwa nimekaa mbele, kama inavyompasa bibi wa bwana harusi, na nyuma yangu mwanamke mmoja akamwinamia mwenzake. Alidhani uzee umeshaniziba masikio.

"Njo bajukuu ba ule Mukasai mwenye alikula shaba ya mota," alisema. "Na angalia vile bibi yabo anajikaza pale mbele."

Niligeuka. Nikamtazama mpaka akaanza kutafuta leso ndani ya mkoba wake. Mwanamke huyo hakuwa amezaliwa mambo hayo yalipotokea. Basi nani aliyemwambia? Mama yake? Na mama yake aliambiwa na nani? Tangu siku hiyo nikipita mitaani huwa najiuliza ni katika nyumba zipi za Kolwezi jina la mume wangu huletwa mezani pamoja na chai.

Wengine husema aliiba. Wengine, wanaojiona wana huruma, husema hakuiba bali aliifunga mota kwa hasira wakati wa kufukuzwa kwake, ili waliobaki wakose unga. Yote mawili ni uongo. Nitaeleza kwa nini, nikianzia kwa mtu mwenyewe, maana wengi wanaomsema hawakumjua.

Louis alizaliwa hapa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi. Baba yake, mzee Muamba, aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana na watu wa kampuni ya migodi waliokuwa wakitafuta mikono yenye nguvu. Hakurudi tena, na kaburi lake liko hapa. Kasai yenyewe Louis aliijua kwa nyimbo za mama yake tu. Alisoma shule ya ufundi, akaajiriwa katika karakana kuu ya kampuni, akawa fundi wa mitambo.

Mimi ni mtu wa kaskazini ya mkoa huu huu. Baba yangu alikuwa karani wa reli pale Tenke, mtu wa tai na wino, na alinisomesha mpaka nikawa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya wasichana. Louis alipokuja kuniposa, wajomba walikuwa na maneno mengi juu ya Wakasai. Baba alimwambia tu anyooshe mikono. Akamkagua kucha moja moja, kama mwalimu wa shule ya msingi siku ya Jumatatu.

"Unafanya kazi na grisi?" akauliza.

"Ndiyo, Tata. Kila siku."

"Na kucha hizi?"

"Kila siku pia, Tata."

Baba akaagiza bia iletwe. Wajomba wakanywa.

Alikuwa mtu wa namna hiyo katika kila kitu. Alipiga pasi nguo zake za kazi mwenyewe kwa kuwa, alisema, mimi nauonea huruma mkunjo wa suruali. Hakula chakula karakanani hata siku moja. Alicheka polepole, akianzia mabegani. Na hakumwamini mtu yeyote aliyemaliza kazi bila kuiwekea alama.

Hiyo alama lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyomletea jina baya, na ndiyo iliyomwondolea.

Karakanani walikuwa na desturi. Fundi akishakaza skurubu, huchora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skurubu kuvuka hadi kwenye chuma inachokishika. Skurubu ikilegezwa na mtetemo, mstari unakatika. Mtu akiifungua kwa siri, mstari unakatika vilevile. Kila fundi alikuwa na rangi yake. Ukiitazama mashine ulijua mkono wa mwisho ni wa nani, bila kumwuliza mtu.

Kampuni ilipoanza kuanguka, vitu vilikwisha kimoja baada ya kingine: sabuni ya mikono, glavu, mwishowe hata rangi. Jioni moja Louis alisimama mbele ya kioo changu akitazama vichupa vyangu.

"Mama Jessica, hii rangi yako ya kucha, unaipenda sana?"

"Ile ya kutoka Kitwe? Naipenda sana."

"Basi nitaichukua kidogo kidogo."

Ilikuwa nyekundu iliyokolea, yenye kung'aa. Tangu hapo kila kitu alichokaza mume wangu mjini humu kilivaa rangi ya vidole vyangu. Kinu cha parokia kilikuwa kimojawapo. Kilikuwa mali ya kikundi cha akina mama, kikisaga mahindi na mihogo ya mtaa mzima, na Louis alikitunza bila malipo. Akina mama walipomwona akipaka mstari wake wakiwa kwenye foleni na mabeseni, walimtania.

"Tata Louis," alisema Mama Elise, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, "mi bwana yangu hajanipakaka kucha hata siku moja. Lakini mota, we unaipaka!"

"Mota haigombane na mi, Mama Elise."

"Basi na mi nitanyamaza. Leta rangi!"

Walicheka mpaka unga ukawapanda puani. Hao hao. Nakumbuka nyuso zao.

Kitu kingine cha kujua ni gundi. Kampuni ilikuwa na gundi nyekundu ya skurubu, katika vichupa vidogo. Unaitia kwenye meno ya skurubu, unakaza, na humo ndani pasipo hewa inakauka na kuwa kama jiwe. Juu, penye hewa, haikauki. Inabaki mbichi na kunata. Ukitaka kuifungua skurubu hiyo, nguvu hazikusaidii. Utavunja kichwa chake, au utavunja ufunguo, yaani spana, au mkono wako. Inataka moto, tena moto mkali, na unaigeuza ingali na moto, kwa kuwa ikipoa inashika tena. Louis hakuitumia kwa kitu cha kufunguliwa mara kwa mara. "Gundi nyekundu ni ya kitu ambacho hutaki kukiona tena," alikuwa akisema. Vichupa hivyo vilikaa katika stoo ya kampuni chini ya kufuli, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuingia nyumbani kwangu.

Kisha ikaja miaka ile. Wanaoijua hawahitaji kuambiwa, na wasioijua hawataamini. Kwanza Wakasai waliondolewa maofisini na karakanani. Baadaye vijana wakaanza kupita mitaani wakiimba na kuwaita majirani zao bilulu, yaani wadudu. Watu waliosali nasi, waliozaliwa hospitali moja nasi, wakaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Louis kwao ilikuwa kambi ya wafanyakazi, nyumba ya pembeni yenye mti wa parachichi.

Asubuhi ya mwisho kabla ya kwenda kituoni, alikwenda kwenye kinu. Nilimkataza.

"Mkanda unalia," alisema. "Nikiuacha hivyo utakatika, watasema niliukata."

Aliwajua watu vizuri kuliko walivyomjua. Alikaza mkanda, akaweka kinga yake, akaikagua mota, akapaka mistari yake kote. Mama Elise alikuwapo. Alisaga mahindi yake baada ya hapo, na kinu kikaenda vizuri. Kisha banda likafungwa, ufunguo ukatundikwa nyumbani kwa katekista, ambako kila mtu wa parokia alijua ulipo.

Kituoni watu walikuwa wamelala chini ya maturubai wakingoja treni ambazo hazikuja. Vijana walikuwa wameshamnyang'anya sanduku lake la vifaa. Tulikubaliana nibaki na watoto mpaka apate pa kutupokea. Treni ilipokuja, alinipa kichupa changu cha rangi.

"Imebaki kidogo," alisema. "Samahani."

Nilimwambia asiwe mjinga. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na sioni haya kuyaandika, maana yeye aliyaelewa. Alifika Mwene-Ditu, kule Kasai. Alifia huko kwa kipindupindu, pamoja na wengi. Habari niliipata kwa mfanyakazi wa reli aliyekuwa akimheshimu baba yangu.

Katika miezi hiyo nilimshuku kila mtu. Mlango ukigongwa, niliangalia kwanza miguu kupitia upenyo wa chini kabla ya kujibu. Watoto wangu walikuwa na jina la Kalala, na jina hilo lilitosha kuwapandisha treni. Niliwashuku waliotuamkia kwa sababu hapo awali hawakutuamkia, na nikawashuku walioacha kutuamkia.

Mtu mmoja tu sikumshuku. Jina lake silitaji hapa, wala sitalitaja mbele. Ni mtu wa kwetu. Tulikula sahani moja utotoni pale Tenke. Yeye alikuwa bado na kazi katika stoo ya kampuni. Alikuwa akija na unga, chumvi, samaki wakavu, anaviweka mlangoni na kuondoka bila kuketi. Mishahara ilikuwa hailipwi. Nilipomwuliza anavipata wapi, alitazama pembeni.

"Usiulize, dada. Kula na batoto."

Nikala na watoto.

Mtaa wetu ulikuwa umekaa bila umeme kwa muda mrefu. Uliporudi, akina mama walikimbilia kinu. Fundi mpya alikuwa Stany, kijana aliyeimba na wale vijana wa mitaani, na sasa alivaa sare iliyokuwa kubwa kwake. Alibonyeza swichi. Mota haikutoa hata mlio, kama isiyo na nyaya za shaba ndani. Akaijaribu tena, akasikiliza kama daktari, kisha akapuliza unga uliokuwa umeifunika. Kwenye skurubu nne za kifuniko mistari myekundu ilikuwa mizima, haijakatika hata mmoja.

Nilisikia kelele kabla hawajafika kwangu.

"Mama Jessica! Toka! Kuja uone kazi ya bwana yako!"

Nilivaa gauni langu la shule, nikafunga kitambaa cheusi cha msiba, nikatoka na Jessica, binti yangu mkubwa, aliyekataa kubaki. Katika mkoba wangu nilitia kile kichupa cha rangi. Sijui kwa nini. Labda sikutaka kukiacha nyumbani peke yake siku hiyo.

Banda lilikuwa limejaa mpaka nje. Stany alisimama juu ya msingi wa kinu kama aliyekinunua.

"Batu bote banajua mustari ya Kalala," alisema. "Nani tena anapakaka mashini rangi ya banamuke? Mustari ni muzima. Hakuna mwenye alifungua nyuma yake. Kama shaba haiko mule ndani, ni yeye aliikula. Alirudia usiku kutoka ku gare ya treni, akakata shaba, akaenda kuuzisha."

"Mume wangu amekufa," nikasema.

"Amekufa na shaba yetu!" mtu akajibu kutoka nyuma, na wengine wakacheka.

"Tufungue," akasema Stany. "Shaba isipokuwamo, huyu na batoto bake bapande treni nabo. Njo vile."

Walikubali. Si wote kwa sauti, lakini hakuna aliyekataa. Nilizitazama nyuso. Mama Elise alikuwa akiuangalia mlango. Katekista alikuwa akiziangalia sandali zake. Na yule mtu wa kwetu alikuwa nyuma kabisa, mgongo ukutani, jasho likimtoka ingawa palikuwa na upepo.

"Fungueni," nikasema. "Mbele yangu, na kila mtu aone."

Wakati Stany akitafuta ufunguo wake wa skurubu nilikaribia mota. Nilitaka kuuona mkono wa mume wangu mara moja zaidi kabla haujakwanguliwa. Niliugusa mstari wa skurubu ya chini. Kidole kikanata. Nilipokitoa kilikuwa chekundu, na unga uliokuwa juu yake ulikuwa umegeuka ukoko wa waridi.

Mimi ni mwanamke. Najua rangi ya kucha. Inakauka kabla hujamaliza kuzungumza na jirani, na ikishakauka hainati kwa kidole cha mtu baada ya miezi yote ile. Kilichokuwa pale hakikutoka katika kichupa changu.

Sikupiga kelele. Ningempigia nani? Kama ningesema, Stany angeifuta kwa mkono wa sare yake, na kesho wangesema nimeota. Wakati huo niliamini kabisa kwamba ni yeye. Nilimshika Mama Elise kiwiko.

"Gusa hapa," nikamnong'oneza.

Akagusa. Akakitazama kidole chake, kisha akanitazama mimi.

"Inanata."

"Nyamaza kwanza. Kikumbuke tu kidole hicho."

Stany alianza. Skurubu tatu za juu zilitoka kwa taabu. Alizigeuza huku akitukana na mishipa ya shingo ikimtoka. Ya nne, ile ya chini, ilikataa. Alivuta ufunguo kwa mikono miwili. Akauongezea bomba ili awe na nguvu zaidi. Bomba likateleza, akajigonga vidole kwenye msingi, watu wakacheka, na kicheko hicho kikamharibu kabisa.

"Kalala aliichomelea!" alipiga kelele. "Munaona? Aliichomelea kusudi tulale njaa! Lete patasi na nyundo. Nitakata kichwa yake."

"Usiikate," nikasema. "Ukiikata na kuitoboa, utatuambia chochote unachotaka, na hakuna atakayeona kilichokuwa ndani."

"Unaogopa nini, Madamu? Kifaransa yako haifungue skurubu."

Patasi ilipolia kwenye chuma, banda zima lilianza kusogea. Mtu akanitupia gunzi la hindi, likanipiga begani. Mwanamke mmoja akamsukuma Jessica, akaangukia mabeseni. Nikasikia neno lile, bilulu, likisemwa kwa binti yangu ambaye babu yake alivaa tai pale Tenke.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma, si kubwa.

"Stany, acha nyundo. Ipashe moto kwanza. Ile inaachiaka na moto."

Niliijua sauti hiyo kabla sijageuka. Sikugeuka.

"Moto ya nini?" Stany akauliza. "Ni skurubu tu."

Lakini akina mama wanapenda kufanya kitu kuliko kungoja, na mbabula za makaa zilikuwa hapo nje, za wauza mahindi ya kuchoma. Mmoja akaleta yake. Wengine wakafagia unga, wakamwagia sakafu maji ili vumbi lisishike moto. Kipande cha nondo kikatiwa kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, Stany akakishika kwa koleo na kukibana juu ya kichwa cha skurubu. Moshi mwembamba ukatoka pembeni. Ulikuwa na harufu chungu ya kitu cha dukani kinachoungua, si ya chuma wala ya grisi.

Mama Elise akainua pua. Yeye si mjinga. Nilimwona akikitazama kidole chake, kisha moshi, kisha akaanza kugeuza kichwa polepole kuelekea ukutani.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Nani alisema moto? Alijua je kama mule muko gundi? Skurubu haijatoka, hakuna mwenye alishaona—"

Watu wakaanza kugeuka pamoja naye.

"Geuza, Stany!" nilipiga kelele kwa sauti ya darasani, ile inayowasimamisha wanafunzi. "Geuza sasa! Ikipoa inashika tena!"

Wote wakanirudia mimi. Stany akatupa nondo, akashika ufunguo, akavuta. Skurubu ikalia kama mlango wa kanisa. Ikasogea kidogo, ikasimama, ikasogea tena, kisha ikaanza kuzunguka, na kwenye kila mzunguko yakadondoka magamba madogo mekundu, makavu, kama kutu ya matofali. Nilimsikia mtu akitoka nje kwa kusukumana. Bado sikugeuka.

Kifuniko kikatoka. Ndani ya mota hapakuwa na waya hata mmoja. Shaba yote ilikuwa imekatwa na kung'olewa.

Kelele zilizofuata siziandiki. Nilingoja mpaka zikapungua, kisha nikamwomba Mama Elise aje pamoja nami upande wa pili, kwenye kinga ya mkanda, ile Louis aliyoifunga asubuhi ile ile mbele ya macho yake.

"Kwangua mstari huu kwa kucha yako," nikamwambia.

Akakwangua. Ulikuwa mkavu, unang'aa, ukabanduka kama ganda la yai. Nikatoa kichupa changu, nikachora mstari mwingine pembeni. Tulisimama tukaungoja ukauke, na hapakuwa na haja ya kungoja sana. Akaukwangua na huo. Ulikuwa ule ule. Kisha nikachukua skurubu ya nne kutoka mikononi mwa Stany, ingali na joto, nikawapitishia wote waione: nyekundu juu, jiwe ndani ya meno.

"Huyu alitaka muone mstari wa Louis," nikasema. "Hakuwa na rangi ya Louis. Alikuwa na hii. Aliipaka juu akidhani nyekundu zote ni moja, na ikaingia ndani ikamshikia skurubu. Mume wangu hakuwa na gundi hii. Alishafukuzwa karakanani muda mrefu kabla ya asubuhi aliyokaza mkanda huu."

Stany aliitwaa skurubu, akainusa, akayasugua magamba kati ya vidole vyake vilivyojeruhiwa. Nitamtendea haki: alisema ukweli wakati angeweza kunyamaza, na mimi niliyekuwa nimemshuku nilimsikia.

"Ni gundi ya kampuni," alisema. "Hii inatokeaka mu stoo tu."

Jumapili iliyofuata Mama Elise alisimama kanisani baada ya matangazo, kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto, akasema kwamba Tata Louis Kalala hakugusa shaba ya akina mama, na kwamba mwenye masikio asikie. Aliniomba radhi mbele ya wote. Alikuwa mwanamke wa haki. Amekufa sasa, na ndiyo maana wanaosema leo wanasema kwa raha.

Lakini siku ile ile bandani, watu wakitawanyika, aliniuliza taratibu.

"Mama Jessica. Mu stoo banatumikaka batu wengi. Lakini ule mwenye alisema moto, mi nilimusikia."

"Mlitaka kujua kama ni Louis," nikamjibu. "Si Louis."

"Na we, unajua."

"Si Louis, Mama Elise."

Alifunga kitenge chake vizuri, akaenda.

Jioni hiyo nilichukua unga uliobaki nyumbani, na chumvi, na samaki, hata wale niliokuwa nimeshawaloweka. Nikavibeba kichwani mwenyewe, mimi ambaye sikuwahi kubeba kitu kichwani tangu nianze kufundisha, nikaviweka mlangoni kwa mtu fulani. Taa ilikuwa inawaka ndani. Nilisikia kiti kikisogezwa. Mlango haukufunguliwa, nami sikubisha. Watoto wangu walikula matembele siku hiyo na siku zilizofuata.

Hakuniletea kitu tena. Kwenye misiba ya ukoo tunaketi pande mbili za uwanja. Nimewahi kujiuliza kwa nini alifungua mdomo siku ile, wakati kunyamaza tu kungemwokoa na kutumaliza sisi. Nadhani ni kwa sababu alimwona Jessica akianguka. Hilo nampa. Halimfutii shaba ya akina mama, wala halimfutii jina la mume wangu alilolipaka juu ya wizi wake.

Wanangu wameniuliza mara nyingi. Wajukuu nao wameanza, hasa baada ya harusi. Wanasema, bibi, ukimtaja yatakwisha. Hayatakwisha; yatahama nyumba tu. Yule mtu ana watoto na wajukuu, na jina wanaloitwa ndilo jina nililokuwa nalo mimi kabla Louis hajaja kunyoosha mikono yake mbele ya baba yangu. La Kalala nimelisafisha, kwa sababu lilikuwa safi. Hilo lingine sitaligusa.

Msiniulize tena. Sisemi.